Nukta ya sol-fa na nukta ya nota: moja hugawa, nyingine huongeza

*"Mwalimu, shikamoo. Ninaimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya usharika wetu tangu ujana, na sasa nina miaka 46. Miaka yote tumeimba kwa sol-fa, na humo nukta hugawa pigo katikati. Mwaka huu tumepata mwalimu mpya anayetuandikia nota za mistari mitano, naye anasema nukta huongeza nusu. Nukta inagawa au inaongeza? Na ni nusu ya nini? Tukifika kwenye krocheti yenye nukta, wengi wetu tunadandia silabi inayofuata na mpiga kinanda anabaki nyuma. Kwenye 6/8 ndipo nimepotea kabisa, maana mwalimu anasema nota ileile ni pigo moja, wakati wiki iliyopita ilikuwa pigo moja na nusu. Tena naona nukta nyingine zimewekwa juu ya nota, si pembeni. Vijana wanashika haraka kuliko mimi. Je, sina kipaji cha mapigo, au nimechelewa kujifunza?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza. Mtu aliyeimba sauti ya tatu tangu ujana, akashika njia yake huku sauti nyingine tatu zikimvuta kila upande, hakosi mapigo. Vijana wanashika haraka kwa sababu hawana cha kusahau. Wewe umekutana na alama unayoijua vizuri ikifanya kazi usiyoijua, na umeona kwamba kazi hizo mbili hazipatani. Uko sahihi, hazipatani. Nukta ya sol-fa na nukta ya mistari mitano ni alama mbili tofauti zenye sura moja, na mwalimu anayehamisha kwaya kutoka maandishi ya kwanza kwenda ya pili anapaswa kulisema hilo siku ya kwanza kabisa.

Sol-fa tunayoimba makanisani, yaani do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, ilianzia Uingereza. Mbegu yake ni ya Sarah Glover wa Norwich. John Curwen akaipanga upya na kuieneza katikati ya karne ya 19, na wamisionari wakaja nayo Afrika kwa sababu ilihitaji herufi za kawaida tu, ubao na chaki. Ndani yake mapigo hutengwa kwa nukta pacha (:), nukta moja huonyesha katikati ya pigo, mkato huonyesha robo, na kistari huvuta sauti iliyotangulia. Chukua maandishi haya ambayo bila shaka umeyaimba mara nyingi:

d :- .r

Do inaanza kwenye pigo la kwanza. Kistari kinaivuta hadi ndani ya pigo la pili. Nukta inakuonyesha kwamba hapa ndipo katikati ya pigo la pili, na re inaingia hapo. Angalia vizuri: nukta hapo haikurefusha chochote. Kilichorefusha ni kistari. Kazi ya nukta ni kuonyesha mahali.

Sasa sauti hizohizo mbili, kwa urefu uleule, zikiandikwa kwenye mistari mitano zinakuwa krocheti yenye nukta, kisha kweva. Krocheti ni ile yenye kichwa cheusi na mguu, bila mkia. Kweva ni kama hiyo lakini ina mkia mmoja. Nukta ya pembeni ya krocheti ndiyo imechukua kazi ya kile kistari. Kwa hiyo, kwa wiki hizi za mwanzo, ukiona nukta pembeni ya nota ambayo ni pigo moja, macho yako yaione nukta lakini kichwa chako kisome kistari cha sol-fa. Hilo peke yake litakuondolea nusu ya mkanganyiko.

Umeuliza nusu ya nini. Ni nusu ya nota yenyewe iliyowekewa nukta, si nusu ya pigo. Wengi hukwama hapa, kwa sababu mfano wa kwanza wanaofundishwa huwa ni krocheti kwenye 4/4, yaani mwendo wa mapigo manne ya krocheti moja moja, ambapo nusu ya nota na nusu ya pigo ni kitu kimoja. Wakiondoka hapo wamebeba kanuni isiyo sahihi. Minimu, yaani nota yenye kichwa cheupe na mguu, ikiwa ni mapigo mawili, nukta yake huongeza pigo zima na kuifanya mapigo matatu. Kweva ikiwa ni nusu pigo, nukta yake huongeza robo tu. Nukta haina urefu wake yenyewe. Huazima urefu kutoka kwa nota iliyo kushoto kwake.

Lakini "ongeza nusu" ni kanuni ninayoifundisha shingo upande. Ni sahihi kwa hesabu, ila koo haliimbi hesabu ya aina hiyo. Hakuna mwimbaji anayeweza kuhisi "moja na nusu" huku anatamka maneno na kumtazama mwongoza kwaya. Ninachokuomba ukishike ni hiki: nota yenye nukta ni nota tatu ndogo zilizoshikana.

Tazama nota zilivyojengwa. Semibrevu moja, yaani nota yenye kichwa cheupe bila mguu, ni minimu mbili, minimu moja ni krocheti mbili, krocheti moja ni kweva mbili, kweva moja ni semikweva mbili, zile zenye mikia miwili. Kila hatua ni kugawa kwa mbili: nne, nane, kumi na sita. Ukitaka sauti yenye urefu wa tatu, mfumo huu hauna nota yake. Utaitafuta kutoka juu hadi chini usiipate. Nukta iliwekwa kuziba pengo hilo. Krocheti ni kweva mbili. Ukiiwekea nukta inakuwa kweva tatu. Minimu ni krocheti mbili; ukiiwekea nukta inakuwa krocheti tatu. Kweva ni semikweva mbili. Ukiiwekea nukta inakuwa semikweva tatu. Ukiona nukta, shuka ngazi moja, hesabu tatu. Basi. Nusu zote zinatoweka.

Na katika kuhesabu, Kiswahili kimetupa msaada ambao sioni kama tunautumia vya kutosha kwenye mazoezi. Moja, mbili, tatu, nne: kila namba ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Silabi ya kwanza inaangukia kwenye pigo na ya pili inaangukia katikati ya pigo, tena zenyewe bila kulazimishwa. Ukihesabu polepole na kwa usawa mapigo manne ya 4/4, tayari umezitaja kweva zake nane.

Tuchukue mfano ambao kwaya nyingi zimeuimba, ile "Haleluya" ya Händel kutoka *Messiah*, kazi aliyoitunga mwaka 1741. Sauti zinapoingia mara ya kwanza, kipimo, yaani fungu la mapigo kati ya mistari miwili ya wima, kinakuwa hivi: krocheti yenye nukta kwa "Ha", kisha kweva tatu kwa "le", "lu" na "ya", kisha pumziko la krocheti. Weka silabi za wimbo juu ya silabi za hesabu. "Ha" inashikilia mo, ja na mbi. "Le" inaingia kwenye li. "Lu" ni ta, "ya" ni tu. Halafu n-ne kimya, lakini kimya cha kuhesabiwa. Kabla hamjaimba, nusu ya kwaya itamke hesabu na nusu ipige makofi kwenye silabi za wimbo tu. Kisha mbadilishane.

Kutoka hapo utaona kwa nini mnadandia. Krocheti yenyewe imejaza pigo la kwanza, mo-ja. Nukta iko wapi? Nukta ni mbi. Yaani nukta inaangukia juu kabisa ya pigo la pili, pale ambapo mguu unagonga sakafu na mkono wa mwongoza kwaya unashuka. Mwili wa mwimbaji unahisi pigo likija na unataka kutoa silabi mpya juu yake, kwa sababu nyimbo nyingi humzoesha hivyo. Akikubali mvuto huo, "le" inatoka kwenye mbi badala ya li, na mmemwacha mpiga kinanda nyuma kwa nusu pigo. Kwa hiyo kosa lenu lina mahali pake hasa, nalo si uvivu wala kukosa kipaji.

Dawa yake ni kuifanya nukta isikike wakati wa mazoezi. Imbeni "Ha-a-le-lu-ya", na ile "a" ya pili isukumwe kidogo kwa tumbo juu ya pigo la pili. Mwili unapata kitu cha kufanya kwenye pigo, hauna tena sababu ya kudandia. Mkishaizoea, punguzeni msukumo huo taratibu mpaka ubaki moyoni tu. Nikilazimika kuchagua zoezi moja tu la nukta kwa kwaya, ni hili.

Kweva yenye nukta ikifuatiwa na semikweva ni uhusiano uleule, tatu kwa moja, ila sasa yote yanatokea ndani ya pigo moja. Tamka "moja-mbili" kwa kasi maradufu ili iingie yote kwenye pigo moja, na silabi fupi itaangukia tena kwenye li. Kwenye sol-fa mliandika d .,r na mkaiimba bila shida. Hapa lakini kuna mtego wa namna nyingine, wa kulainisha. Badala ya tatu kwa moja, kwaya huimba mbili kwa moja, kana kwamba pigo limegawanywa mara tatu. Sishangai. Masikio yetu yamelelewa na ngoma ambazo nyingi hugawa pigo kwa tatu. Ukiwa umekulia pwani na chakacha, mwendo huo unao miguuni kabla hujaenda shule. Huo ni utajiri, na kwenye wimbo unaoutaka sipendi mwalimu auzime. Ila utenzi wa maandamano ulioandikwa kweva yenye nukta na semikweva ukiimbwa kwa mbili kwa moja unalegea, unapoteza ukakamavu wake. Mwimbaji anapaswa kuwa na uwezo wa kufanya yote mawili na kujua sasa hivi anafanya lipi.

Nikwambie pia kwamba hata huko Ulaya nukta haikuwa na urefu mmoja siku zote. Leopold Mozart, baba yake mtunzi Wolfgang, katika kitabu chake cha kufundishia fidla cha mwaka 1756, anawaambia wapigaji kwamba mahali fulani nukta ishikiliwe zaidi ya thamani yake, na anaona ingefaa kuandika nukta mbili ili jambo hilo liwe wazi. Nukta mbili utazikuta mara chache: ya kwanza huongeza nusu ya nota, ya pili huongeza nusu ya ile nusu. Minimu ya mapigo mawili yenye nukta mbili inakuwa mapigo matatu na nusu. Usijisumbue nazo mpaka ukutane nazo.

Sasa 6/8. Mwalimu wako hajajipinga. Wiki iliyopita krocheti yenye nukta ilikuwa kweva tatu. Leo pia ni kweva tatu. Kilichobadilika ni kitu mnachokiita pigo. Kwenye 4/4 pigo ni krocheti, yaani kweva mbili, kwa hiyo kweva tatu ni pigo moja na nusu. Kwenye 6/8 kweva sita hukusanywa katika mafungu mawili ya tatutatu, na mwongoza kwaya anashusha mkono mara mbili tu kwa kipimo, labda wimbo uwe wa polepole sana. Kila fungu ni pigo. Na ni nota gani inaandika fungu la kweva tatu? Krocheti yenye nukta, hakuna nyingine. Ndiyo maana namba ya chini kwenye 6/8 ni 8: hakuna namba inayosimama badala ya krocheti yenye nukta, kwa hiyo waandishi wanahesabu kweva na kukuachia wewe uzikusanye. Anayeona sita juu akahesabu mapigo sita mazito, wimbo wake utatembea kama mtu aliyevaa gambuti.

Mfano mzuri ni ule wimbo wa mkesha wa Krismasi wa Franz Xaver Gruber, ulioimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818, ambao Wajerumani huuita "Stille Nacht". Kwenye vitabu vinavyouandika kwa 6/8, maneno hayo mawili ya kwanza ni kweva yenye nukta, semikweva, kweva, halafu krocheti yenye nukta. Kuna vitabu vingine vinavyouandika kwa 3/4: krocheti yenye nukta, kweva, krocheti, halafu minimu yenye nukta. Nota zote zimekuwa kubwa maradufu na kipimo kimoja kimegeuka viwili, lakini ukiuimba kwa mwendo unaofaa, hakuna atakayejua umeshika kitabu kipi. Ukipata vitabu vyote viwili, viweke kando kwa kando na kuviimba kimoja baada ya kingine. Utaelewa kwa sikio kile ambacho maelezo yangu yanakizunguka: thamani ya nota ni uwiano, si sekunde.

Nukta za juu au chini ya kichwa cha nota hazihusiani kabisa na hizi. Hizo husema sauti ikatwe fupi, itengane na inayofuata, bila kubadilisha hesabu ya kipimo. Nukta ya kuongeza hukaa kulia kwa kichwa daima. Kama kichwa kimekaa juu ya mstari, nukta husogezwa kidogo kwenye nafasi iliyo juu yake ili isimezwe na mstari. Nukta mbili zinazopandana mbele ya mistari miwili ya mwisho ni alama ya kurudia. Pumziko nalo linaweza kuwa na nukta, na kanuni ni ileile.

Nizungumzie kidogo fotokopi, kwa sababu najua kwaya zetu zinaimba kutoka nakala ya nakala ya nakala. Nukta ndicho kitu cha kwanza kupotea karatasi ikififia, na uchafu wa kioo cha mashine ndicho kitu cha kwanza kujifanya nukta. Usiiamini karatasi, kiamini kipimo. Kwenye 4/4 jumlisha nota na mapumziko yote kati ya mistari miwili ya kipimo. Lazima yafike mapigo manne. Ukikuta minimu na krocheti tu, limekosekana pigo moja, na pigo moja ndiyo nusu ya minimu: karibu kwa hakika kulikuwa na nukta hapo. Ukikuta yamezidi, angalia kama kuna doa. Kipimo cha kwanza na cha mwisho cha wimbo huweza kuwa pungufu, kwa sababu nyimbo nyingi huanza kwenye pigo jepesi na upungufu huo hukamilishwa mwishoni. Na ukiona upinde unaunganisha nota mbili za kimo kilekile, huo hufanya kazi ya kurefusha pale ambapo nukta haiwezi: sauti inapovuka mstari wa kipimo, au inapokuwa na urefu wa kweva tano, ambao hakuna nukta inayoweza kuuandika.

Hukuuliza, lakini nadhani unajiuliza kama sol-fa sasa itupwe. Mimi nasema hapana. Kwa kupata kimo cha sauti, sol-fa bado inamshinda kila mtu ninayemjua anayesoma mistari kwa kubahatisha, na kwaya iliyolelewa nayo husikilizana vizuri. Mistari mitano inakufungulia vitabu vingi zaidi, inakukutanisha na mpiga kinanda na wapiga tarumbeta kwenye karatasi moja, na inakuonyesha mwendo wa sauti kwa macho. Someni mdundo kwenye mistari, imbeni majina ya sol-fa. Hakuna kanisa lililokataza. Programu za nota kwenye simu au kompyuta, kama MuseScore, zitakuchezea nukta kwa usahihi usio na huruma, na kwa kujikagua zinafaa sana. Hatari yake ni kwamba ukisikiliza kabla hujajaribu, unakariri wimbo na husomi tena. Jaribu kwanza kwa kupiga makofi, halafu bonyeza.

Kuna wakati maandishi yangu hayatatosha. Jipime hivi: washa metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo sawasawa, kwa mapigo 60 kwa dakika, hesabu mo-ja mbi-li kwa sauti na upige makofi kwenye mo na li tu. Ukiweza kwa dakika mbili bila kuyumba, shida yako ni ya kusoma tu, nayo itaisha kwa mazoezi mafupi ya kila siku. Ukiweza makofi lakini ukianza kuimba yanapotea, mwombe mwalimu wako wa kwaya dakika chache kabla ya mazoezi, wewe na yeye peke yenu, akusikilize. Mara nyingi tatizo liko kwenye pumzi, na pumzi haionekani kwenye barua. Kama pigo lenyewe linakukimbia hata bila kuimba, tafuta mwalimu wa muziki wa kukaa naye ana kwa ana kwa muda. Ukiwa kaskazini mwa Tanzania, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River kinafundisha muziki, na wahitimu wake ni watu wa kuwaulizia. Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi (Dhow Countries Music Academy), na wasomaji wa Nairobi wana Kenya Conservatoire of Music. Nenda na karatasi ya wimbo uleule unaowashinda, na nukta zake uzizungushie kwa penseli.